Sinema za Arusha: Mlima Wetu, Steringi wa Kwao

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongelee sinema. Nasema mapema kwamba baadhi yenu mtanuna, maana nitagusa picha mnazozipenda. Nuneni tu, ila someni mpaka mwisho.

Kuna ubishi ambao haujawahi kwisha baina ya wapenzi wa picha hapa A-Town. Upande mmoja wako wanaoamini kwamba picha nzuri ni ile iliyojaza kumbi dunia nzima. Kama haikuuza, basi haina kitu. Upande wa pili wako wachache wenye picha zao za kuapia, ambazo ukizitaja mbele ya watu wengine wanakukodolea macho. Mimi siko kambi yoyote. Nimeona picha za wengi ambazo ni takataka, na nimeona picha za "wajuaji" ambazo ni dawa ya usingizi. Kipimo changu ni kimoja: picha ikiisha, nimejua nini kuhusu watu waliokuwa ndani yake? Na kwa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru kuna swali la nyongeza: hao watu ni akina nani, na sisi wenyewe tuliwekwa wapi?

Twende moja moja.

HATARI! (1962)

Tuanze na hii, maana ndiyo sinema kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa huku kwetu. Mwongozaji ni Howard Hawks, Mmarekani aliyetengeneza Scarface ya kwanza mwaka 1932 na Rio Bravo mwaka 1959. Steringi ni John Wayne. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 jamaa walihamia huku na magari, kamera na waigizaji kutoka Marekani, Ujerumani, Ufaransa na Italia, wakaweka kambi ya hadithi yao Momella, pale ambapo leo ni jirani kabisa na maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Jina la picha ni Kiswahili safi, na alama ya mshangao juu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kama karatasi. Kundi la wazungu linakamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Anakuja dada mpiga picha kutoka Italia, John Wayne anajifanya hamtaki, halafu anamtaka. Kwisha. Dakika 157 za hadithi ambayo ungeimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini nisikilizeni, picha ni nzuri. Tena nzuri sana. Pale gari linapomfukuza faru, mtu amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari akiwa na fimbo ndefu yenye kitanzi, vumbi limetanda, faru anageuka na kuligonga gari ubavuni, hapo hakuna kompyuta wala mdoli. Ni faru wa kweli, na waigizaji wenyewe ndio wanaomkamata. Siku hizi tunaletewa picha za mamilioni ya dola ambamo kila kitu kimechorwa kwenye kompyuta, na hakuna hata sekunde moja utakayohofia uhai wa mtu. Kwa mwendo na woga, Hatari! bado inazishinda. Mpigapicha wake, Russell Harlan, aliteuliwa kugombea Oscar, na ukiona jinsi alivyoinasa nchi yetu utakubali alistahili.

Wajuaji wa Ufaransa nao waliipenda. Jean-Luc Godard alipotengeneza Le Mépris mwaka 1963 alibandika bango la Hatari! ukutani ndani ya picha yake. Kwa hiyo hii ni picha ya wengi na ya wachache kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Tazama tena tarehe. Picha ilipigwa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa umeipa TANU ushindi, Mwalimu Nyerere alikuwa tayari mkuu wa serikali, na Desemba 9, 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa. Picha ilipotoka mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa nchi huru. Je, ndani ya dakika zote hizo 157 utaona hata dalili ya jambo hilo? Huoni. Mwafrika yumo, ndiyo: anabeba, anasukuma gari, anapika, anacheza ngoma. Kuna mahali Warusha wanamvalisha dada wa Kiitaliano na kumpa jina la Mama Tembo. Lakini hakuna Mwafrika hata mmoja mwenye hadithi yake, mwenye kutaka kitu na kukikosa au kukipata. Tembo watoto wana hadithi kuliko wenyeji. Hata wimbo wanao, ule wa Henry Mancini unaojulikana dunia nzima.

Mtu ataniambia, "Ndugu, ni sinema ya zamani, zote zilikuwa hivyo." Sawa. Mimi sisemi tusiitazame. Nasema tuitazame kwa macho mawili: jicho moja lifurahie faru, jicho la pili lihesabu watu.

Halafu kuna jambo ambalo mtazamaji wa Arusha analiona na wa London halioni. Kazi ya steringi katika picha hii ni kukamata wanyama wetu na kuwasafirisha nje. Novemba 2010, zaidi ya wanyama hai mia moja, wakiwemo twiga, walipakiwa kwenye ndege pale KIA na kupelekwa Qatar. Nchi nzima ilipiga kelele, Bunge likawaka, na mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai. Basi itazame Hatari! baada ya kujua hayo. Twiga anakamatwa, muziki wa furaha unapigwa, na wewe unabaki unajiuliza kama unamshangilia steringi au adui. Hawks hakukusudia swali hilo, sisi ndio tunalo. Na faru wale hutawakuta tena Momella hata ukikesha.

THE LION KING (1994)

Najua wengi wenu mnaipenda. Hata mimi napenda picha yenyewe. Ila hebu tuseme ukweli kama Waswahili. Simba anaitwa Simba, ambayo ni sawa na kumwita mtoto "Mtoto". Nyani ni Rafiki. Fisi jike ni Shenzi, tusi ambalo ukilitamka mbele ya bibi unakula bakora. Ni wazi kwamba mtu alipewa kamusi na haraka.

Lakini cha kuudhi zaidi ni hakuna matata. Disney walisajili maneno hayo kama alama yao ya biashara nchini Marekani, na usajili ukakubaliwa mwaka 2003. Watu walikuja kushtuka mwishoni mwa 2018, saini zikakusanywa mtandaoni, kelele zikawa nyingi. Wanasheria wakatuliza wakisema usajili huo haumzuii mtu kutamka. Asanteni kwa ruhusa! Kichekesho ni kwamba huku kwetu mtu anayesema hakuna matata ni anayeuza vinyago kwa watalii. Sisi wengine tunasema hamna shida, au hamna noma, na hayo natumaini bado hayajasajiliwa.

Hukumu yangu: picha nzuri ya watoto, muziki mzuri, heshima kwa lugha sifuri.

HOTEL RWANDA (2004) NA SOMETIMES IN APRIL (2005)

Hapa ndipo ugomvi wangu na watu wa "kama haikuuza haina kitu" unapokuwa mkali. Picha hizi mbili zilitoka karibu pamoja na zinahusu jambo moja: mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Ya kwanza inajulikana na kila mtu. Don Cheadle aliteuliwa kugombea Oscar, ilionyeshwa kila kona. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya HBO na Raoul Peck, mwongozaji kutoka Haiti, na Idris Elba ndiye mhusika mkuu. Uliza watu kumi mjini hapa, tisa wameona ya kwanza, mmoja labda amesikia ya pili.

Mimi nasema ya pili ndiyo picha. Hotel Rwanda ni kazi safi, inaliza, lakini imejengwa kwa mtindo ule ule wa Hollywood: mtafute mtu mmoja shujaa, mfungie ndani ya hoteli na maovu yabaki nje ya geti, halafu mtoe salama. Mtazamaji anarudi nyumbani akiwa amefarijika. Kufarijika na mauaji ya kimbari! Tena sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Na shujaa wenyewe walikuja kumpinga baadhi ya manusura waliokuwa ndani ya hoteli ile ile. Paul Rusesabagina alihukumiwa Kigali mwaka 2021 kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, akaachiwa mwaka 2023. Mjadala juu ya kesi hiyo ni mrefu na sitauanzisha hapa, ila unaonyesha jinsi ushujaa wa sinema usivyofanana na maisha ya mtu.

Peck yeye alienda kupiga picha yake Rwanda kwenyewe. Na hakukupa faraja. Augustin ni askari Mhutu ambaye mke wake ni Mtutsi. Ndugu yake, Honoré, ni mtangazaji wa redio. Miaka kumi baadaye Augustin anapata barua kutoka kwa huyo ndugu, ambaye sasa ni mtuhumiwa. Barua inatoka wapi? Inatoka Arusha!

Ndiyo, wadau, Arusha yetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilianzishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ikafanyia kazi zake pale AICC, ikafungwa rasmi Desemba 31, 2015. Watu 93 walifunguliwa mashitaka. Septemba 2, 1998 ndani ya jengo lile alitiwa hatiani Jean-Paul Akayesu, na ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hukumu ile ndiyo pia iliyosema kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Historia ya sheria ya dunia iliandikwa hatua chache kutoka kwenye vibanda vya chipsi.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunapangisha nyumba. Tulijua bei ya dola, tulijua magari yenye namba za UN, tulijua kodi ya nyumba imepanda kwa ajili ya nani. Wangapi kati yetu walikwenda kuketi kwenye viti vya wasikilizaji nyuma ya kile kioo? Peck alimweka Augustin kwenye mji huu, akiwa mgeni hotelini, anasita kama aende kumwona ndugu yake au asiende. Katika saa mbili na ushei alielewa uzito wa jina la Arusha kwa Mnyarwanda kuliko tulivyoelewa sisi kwa miaka 20.

Kwangu mimi ninayeishi kwa kalamu, Honoré ndiye mhusika wa kutisha kuliko wote. Hakushika panga. Alishika maikrofoni. Desemba 3, 2003 mahakama hiyo hiyo ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wa redio RTLM na mmoja wa gazeti la Kangura. Rufaa ilikuja kupunguza adhabu zao mwaka 2007, lakini somo halikupungua. Kila mwanafunzi wa uandishi wa habari nchini angeonyeshwa picha hii kabla ya kupewa kitambulisho.

CAPTAIN ALEX NA BONGO MOVIE

Sasa tugeukie nyumbani, na hapa wengine watanirushia mawe.

Mwaka 2010 jamaa mmoja wa kitongoji cha Wakaliga, Kampala, anayejiita Nabwana I.G.G., alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha zinazosemwa kuwa hazikufika dola 200. Bunduki za kuchongea, damu ya rangi, helikopta za kompyuta zinazochekesha. Juu yake kuna sauti ya VJ Emmie anayepiga kelele, anatania, anawasifia makomandoo. Leo ina mashabiki sugu Marekani na Ulaya, na watu wamefunga safari hadi Wakaliga kwenda kuuawa ndani ya picha zake.

Je, ni picha nzuri? Kwa vipimo vya darasani, hapana. Lakini kila mtu aliyekulia kwenye kibanda umiza anaitambua papo hapo. Lufufu wa Dar es Salaam aliyekuwa akitusimulia picha za kizungu kwa Kiswahili, DJ Afro wa Kenya, na hao wa Uganda, wote walielewa kitu kimoja: picha inakuwa yako pale sauti yako inapoingia ndani yake. Nabwana hakuomba radhi kwa kuwa maskini. Aliutumia umaskini kama viungo vya mchuzi.

Bongo Movie ilifanya kinyume. Steven Kanumba, Mungu amrehemu, alifanya kazi kubwa. Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ilitufungulia mlango wa Nigeria, na alipofariki Aprili 7, 2012 akiwa na miaka 28 tuliona nchi ilivyolia. Hilo halifutiki. Lakini tuliobaki tuseme ukweli. Kwa miaka mingi tuliuziwa nyumba moja ya kifahari ya kuazima, gari moja la kuazima, dada anayeamka asubuhi na vipodozi kamili, jina la Kiingereza kwenye kasha, na hadithi ya saa moja iliyovutwa mpaka Part 2 ili ununue mara mbili. Watu waliona aibu kuonyesha uswahilini kwao. Na mikoani hatukuwepo kabisa. Chalii wa Arusha akitokea, basi ni kichekesho cha lafudhi au mlinzi wa getini mwenye rubega.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, ilinifurahisha. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, ukoloni, mapenzi na siasa, na kila mtu ndani yake ana kitu anachokitaka. Haina haraka, na wapo watakaosinzia. Lakini hakuna anayemwigiza Mnigeria wala Mmarekani mle ndani.

THE ROYAL TOUR (2022)

Nitasema kidogo. Rais Samia alimzungusha mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, kwenye vivutio vyetu, picha ikazinduliwa New York na kisha hapa Arusha, AICC, Aprili 2022. Kama tangazo la utalii, imefanya kazi yake, na mji huu unakula kwa utalii, sikatai. Ila tusiliite sinema. Tangazo huonyesha nchi isiyo na ugomvi, sinema huanza pale ugomvi unapoanza. Tatizo letu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60, kuanzia Hatari! mpaka leo, Arusha imekuwa mandhari. Mlima unaonekana, twiga anaonekana, mwenyeji anatabasamu pembeni.

PICHA NINAYOITAKA

Basi nimalizie na jambo lililonifanya niandike yote haya.

Upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, jirani na Momella pale pale, kuna mahali panaitwa Ngare Nanyuki. Novemba 1951, miaka tisa tu kabla ya John Wayne kushuka, serikali ya kikoloni ilipeleka askari kuwaondoa Wameru kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi wa kizungu. Watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikafa njiani, na walikopelekwa, Kingori, wengi walikataa kukaa. Wameru wakachanga fedha. Wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, kwenda New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwashitaki Waingereza. Aliyekuwa naye bega kwa bega ni Earle Seaton, mwanasheria mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Azimio halikupata kura za kutosha, lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akieleza, na watu wakaona kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa.

Hebu niambieni, hiyo si sinema? Kuna moto, kuna safari, kuna mtu wa kijijini ndani ya ukumbi mkubwa wa dunia, kuna urafiki wa watu wawili kutoka pande mbili za bahari. Kuna hata kushindwa, ambako wapenzi wa picha za wachache wanakupenda, na kuna ushindi wa baadaye, ambao wapenzi wa picha za wengi wanaudai.

Mwaka 2007 televisheni ya Ujerumani ilionyesha filamu kuhusu Margarete Trappe, mama mlowezi wa Kijerumani aliyekuwa na shamba Momella. Sina ugomvi na mama huyo. Alikuwa na maisha ya kusisimua, na Wajerumani wana haki ya kuwatengenezea watu wao picha. Ninachouliza ni kwa nini mlowezi wa Momella ana filamu, mkamata faru wa Momella ana filamu, lakini Kirilo wa mlima huo huo filamu yake bado sijaiona.

Na msiniambie hatuna fedha. Nabwana alianza bila hata dola 200. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1951 wanazidi kutoweka, na kila mmoja anaondoka na ukurasa wake. Mwenye kamera, hata ya simu, na apande daladala ya Usa River asubuhi, kisha atafute usafiri wa Ngare Nanyuki. Aanze kwa kuwasikiliza na kuwarekodi. Steringi atajulikana huko huko.

Nawasilisha. Mwenye kupinga apinge kwa hoja, na mwenye picha yake ya kuapia aitaje.